Mtu wa kamani akikwama: dalili, chanzo na namna ya kumrudisha

Simu za namna hii huja usiku, majirani wakishalala. "Fundi, shangazi amesimama." Nauliza amesimama vipi, maana kwetu sisi neno hilo lina uzito wake. "Amesimama tu. Mwiko mkononi, mdomo wazi, na ugali unaungua."

Mbele ya kibanda changu hapa Kisumu, hatua chache kutoka soko la Jubilee, nabadilisha betri za saa za mkononi na kupunguza mikanda. Nyuma ya pazia kuna kazi nyingine niliyorithishwa na mzee Mhindi aliyenifunza ufundi: kuwatengeneza watu wa kamani, yaani watu wa kutengenezwa wanaoendeshwa na springi inayojazwa kwa ufunguo kama saa. Wewe unayeishi na mmoja wao unajua ninachosema. Na kama unaishi naye na hujamjua bado, basi anafanya kazi vizuri, na hunihitaji.

Nimechoka kueleza mambo yaleyale saa saba za usiku, kwa hiyo nimeyaandika. Safari nyingi nilizofunga hadi Nakuru au Busia zingeepukika kama mwenyeji angetazama na kusikiliza kabla ya kushika bisibisi.

Kabla hujafungua

Kamani iliyojaa ni utepe wa chuma cha pua uliojikunja ndani ya pipa lake ukingoja upenyo. Ukifungua bamba la mgongo huku umejaa, magurudumu yote yanazunguka kwa mpigo mmoja, meno yanakatika, na utepe wenyewe ukichomoka unakata kama panga. Nina kovu linaloanzia kwenye kidole gumba hadi kifundo cha mkono. Siku hiyo mzee alinifunga kitambaa, kisha akanipa fagio nikusanye meno ya shaba sakafuni. Yalikuwa kumi na manne. Nayakumbuka kwa sababu niliyachonga upya, moja baada ya jingine, kwa tupa ndogo.

Kwa hiyo, kwanza shusha kamani. Ingiza ufunguo, ukamate barabara, zungusha kidogo upande wa kujazia. Kile kijiti kinacholia tik tik tik wakati wa kujaza kitapata nafasi. Kiinue kwa ncha ya bisibisi, uachie ufunguo urudi nusu mzunguko ukiwa bado mkononi mwako, kisha kishushe kijiti. Rudia mpaka usihisi tena msukumo. Ufunguo usiuachie ujizungushe wenyewe hata siku moja.

Pia mfunike. Usimvue mbele ya watoto, wala usimseme kana kwamba hayupo. Masikio yao ni pambo tu, hilo nalijua kwa kuwa nimeyafungua. Bado sisemi maneno mabaya mbele yao.

Kimenyamaza kiungo au amenyamaza yeye?

Hili ndilo swali la kwanza. Katika kitabu cha kale cha Kichina kiitwacho Liezi kuna kisa cha fundi Yan Shi, aliyempelekea mfalme Mu wa Zhou mtu wa kutengenezwa. Alitembea, akaimba, na mwishoni akawakonyeza masuria wa mfalme. Mfalme akapandwa na hasira, akataka fundi auawe. Yan Shi akamfungua mtu wake hapohapo: ngozi, mbao, gundi na rangi. Mfalme akaanza kujaribu. Akatoa moyo, mdomo ukanyamaza. Akatoa ini, macho yakapofuka. Akatoa figo, miguu ikakataa kutembea.

Wengi hukisoma kama hekaya. Mimi hukisoma kama jedwali la hitilafu. Kila kiungo kina njia yake kutoka kwenye chanzo cha nguvu, na ukijua kilichonyamaza unajua pa kufungua. Macho yakipepesa na kifua kikipanda lakini mkono hauendi, kamani ni nzima, usiiguse. Fuata njia ya mkono. Vyote vikinyamaza, anzia kwenye kamani.

Kisha weka sikio mgongoni, kati ya mabega. Wako wanaogonga na wako wanaovuma. Wanaogonga wana gurudumu la mizani kama saa ya mfukoni ya zamani: mapigo matano kwa sekunde, yaani 18,000 kwa saa. Wanaovuma wana feni, vibapa viwili vyepesi vinavyozunguka kwa kasi na kuzuiwa na hewa, kama kile kilicho ndani ya kisanduku cha muziki. Ukishajua wako ni wa aina gani umeshapunguza kazi nusu. (Na ndiyo sababu anayegonga hapelekwi zahanati. Moyo wa binadamu aliyetulia hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Huyu atapiga 300 akiwa amekaa kitako, na muuguzi ataita wenzake waje waone.)

Ameganda katikati ya tendo

Simu nyingi ni za dalili hii, na karibu kila mwenyeji huanza kwa kuungama: "Fundi, nadhani nimemjaza kupita kiasi." Hapana, mama. Kamani haiharibiki kwa kujazwa sana. Ikijaa imejaa, ufunguo unakataa, basi. Kama imejaa na bado haendi, nguvu ipo ila haipiti, na kinachoizuia mara nyingi ni uchafu.

Niliwahi kuitwa matangani upande wa Ahero. Marehemu alikuwa na rafiki wa miaka mingi, mzee wa kamani, na mzee huyo alipewa nafasi ya kusema machache. Alisimama vizuri, akaanza vizuri, akafika "marehemu alikuwa mtu wa" akakwama. Mkono juu, mdomo wazi, macho kwa watu. Dakika ikapita, na nyingine. Akina mama wakaangua kilio. Mchungaji akaanzisha wimbo. Nilisikia watu wakinong'ona kwamba hawajawahi kuona mwanamume aliyempenda mwenzake namna ile. Nilimkuta nyuma ya migomba, wajukuu wawili wamembeba kama ngazi.

Nilipomfungua kwa mwanga wa simu nikakuta wadudu wa ziwani, wale wanaoinuka juu ya maji kama moshi na kujaa kwenye taa. Usiku wa kuamkia siku ile mzee alikuwa amekesha chini ya balbu ya hema, kola wazi. Wadudu waliingia shingoni, wakanasa kwenye mafuta, na kufikia asubuhi walikuwa wamesagwa wakawa uji mweusi kwenye gurudumu la tatu. Nilikwangua kwa kijiti cha meno, nikapangusa, nikajaza nusu. Feni ikashika. Mkono ukashuka taratibu, na mzee akanitazama usoni akamalizia: "watu."

Kwa hiyo kwa wa Kisumu, Homa Bay na Busia: kola juu, na asikae chini ya taa wakati wa wadudu.

Nakuru shida ni nyingine. Jina lenyewe la mji huelezwa kuwa limetoka kwa Wamaasai, mahali pa vumbi, na vumbi la pale chini ya Menengai ni la volkano, kali kama msasa. Angalia linavyofanya, maana wengi hukosea hapa. Ncha ya ekseli ni chuma kigumu, na tundu inamozungukia ni shaba laini. Ungedhani shaba ndiyo italiwa. Chembe za vumbi huzama kwenye shaba laini zikakaa, na shaba hiyo ikageuka jiwe la kunolea linalokula chuma. Ukiona ncha ya ekseli ina mfereji kiunoni, usibadilishe ekseli tu ukaondoka. Safisha tundu au litie bushi mpya, yaani kipete cha shaba cha ndani ya tundu, la sivyo utarudi baada ya miezi sita.

Tundu lililoliwa lenyewe utalijua kwa umbo: si duara tena, limekuwa yai. Shika gurudumu kwa kibano ulitikise. Likicheza kama jino la mtoto wa miaka sita, meno yake hayaumani sawasawa na ya jirani, na ndipo mtu anakwama mahali palepale kila mara. Fundi yeyote wa baiskeli anajua bushi ni nini. Hapa ni ileile, ndogo tu.

Halafu kuna mafuta. Dada mmoja wa Nakuru alimwona mjomba anasuasua akamtia mafuta ya kupikia, tena kwa wingi, kama anakaanga mandazi. Mjomba alienda vizuri siku tatu, akasifiwa. Baada ya mwezi mmoja nilimkuta amekakamaa, kila ekseli imezungukwa na gundi ya kahawia. Mafuta ya kupikia yakikaa hewani hugeuka gundi, tazama tu sufuria lililosahaulika. Nililazimika kumtoa gurudumu kwa gurudumu, kuosha kwa mafuta taa, kisha kwa spiriti ili kuondoa utando wa mafuta taa yenyewe, kisha kuzungusha kijiti cha meno kilichochongwa ndani ya kila tundu hadi kitoke cheupe. Ilinichukua siku mbili, na nyumbani wakasema mjomba amesafiri Eldoret.

Mafuta yanayofaa ni ya saa. Chovya ncha ya sindano, gusa tundu la ekseli, basi. Meno ya gurudumu hayatiwi mafuta kabisa. Yakitiwa hushika vumbi, na umeshasoma hapo juu vumbi hufanya nini.

Anarudia neno lilelile

Anakusalimu "habari za asubuhi" saa mbili usiku. Anapenga kamasi mara saba mfululizo. Kwenye ibada anasema amina kabla ya sala kuanza, kisha tena, kisha tena.

Hapa tatizo liko kwenye kamu. Kamu ni kisahani cha shaba chenye vilima na mabonde ukingoni. Kijiti kinapita juu ya ukingo huo, kinapanda na kushuka, na mkono au ulimi unafuata. Anachosema na anachofanya kimechongwa kwenye ukingo huo. Wapo waliobebeshwa visahani vingi vilivyopangwa kama chapati, na baada ya kila tendo rundo zima hupanda ngazi moja ili vijiti vikute chapati inayofuata.

Ukitaka kuelewa mpangilio huu, mfano ulio wazi kuliko yote ni Mwandishi wa Jaquet-Droz, kijana wa mbao aliyetengenezwa Uswisi kati ya 1768 na 1774, akiwa na wenzake wawili, Mchoraji na Mpiga kinanda. Wote watatu wako kwenye jumba la makumbusho la Neuchâtel na bado wanafanya kazi. Mwandishi ana vipande kama 6,000, urefu wake ni kama sentimita 70, na mgongoni ana gurudumu unaloweza kulipanga upya ili aandike maneno mengine, hadi herufi 40. Anachovya unyoya kwenye wino, anaukung'uta, anaandika, na macho yake yanafuata mkono. Mtu wa zama zile angemketisha karani huyo ofisini na asiulizwe lolote mpaka wakati wa chakula.

Basi mtu wako akirudia tendo, rundo la kamu halipandi. Tazama mambo matatu. Kijiti kinachosukuma rundo kimevunjika ncha. Au springi ndogo inayokirudisha kijiti imechoka, nayo ni ya bei ya soda. Au kuna kitu kimeingia kati ya chapati na chapati. Kwa mzee mmoja wa Kakamega nilikuta noti ya shilingi mia, ya zamani, imekunjwa mara nne. Mjukuu alikuwa ameificha huko. Huyo mzee alikuwa amesema "Mungu ni mwema" kwa wiki mbili, na kanisani walikuwa wameanza kumfikiria kwa uongozi.

Usijaribu kulainisha kilima cha kamu kwa tupa eti neno limekwaruza. Ukiondoa shaba hairudi, na utakuwa umembadilisha usemi daima.

Anaongea mbio, anatembea mbio

Kwa anayevuma, feni imelegea au kibapa kimeng'oka. Hakuna kinachozuia kasi, kamani inajimwaga, siku nane zinakwisha kwa dakika kumi. Mkamate, mlaze, shusha kamani, kaza feni.

Kwa anayegonga, uliza kwanza amepanda matatu gani. Nina maana hiyo hasa. Matatu zetu za vijana zina spika kubwa chini ya viti vya nyuma, na ndani ya spika kuna sumaku. Gurudumu la mizani lina springi nyembamba kama unywele, imejizungusha kama utambi wa dawa ya mbu. Ikipata sumaku, mizunguko yake inashikana, springi inakuwa kana kwamba imefupishwa, na mtu anakimbia. Sogeza dira karibu na kifua chake. Sindano ikicheza, umepata jibu. Tiba ni koili ya waya inayopitisha umeme wa kawaida wa nyumbani: unampitisha sehemu hiyo ndani yake, kisha unamtoa polepole hadi umbali wa mkono kabla ya kuzima. Kazi hii ni ya fundi, usiijaribu na waya wa pasi.

Akichelewa mchana wa joto la Kisumu na kwenda sawa alfajiri, huyo si mgonjwa. Unywele wa chuma hulegea kwenye joto. Mweke kivulini kama unavyomweka mzee yeyote.

Sauti imekauka

Jacques de Vaucanson alipoonyesha mpiga filimbi wake huko Paris mwaka 1738, watu walidhani kuna kisanduku cha muziki kimefichwa tumboni. Hakikuwepo. Pumzi ilitoka kwenye mivukuto tisa, ikapita kooni, midomo ikaibana, ulimi ukaikata, na vidole vikaziba na kufungua matundu ya filimbi halisi. Alipiga nyimbo 12. Vidole vilivikwa ngozi, kwa sababu kitu kigumu hakizibi tundu, hewa hupenya pembeni.

Wetu hawapigi filimbi, ila wote wanaozungumza wana mivukuto, na mivukuto ni ngozi. Hapa magharibi ngozi hupata taabu ya aina mbili. Kakamega na Kericho kwenye mvua zisizokatika huota ukungu na kunyong'onyea. Kisumu kiangazi hukauka ikapasuka kwenye mikunjo. Ya kwanza hutoa sauti ya mtu mwenye mafua. Ya pili hutoa mnong'ono, maneno yako lakini hayana mwili.

Kutafuta mpasuko: washa mshumaa, bonyeza mvukuto taratibu kwa mkono, pitisha moto kandokando ya mikunjo. Mahali moto unapoinama ndipo palipopasuka. Ziba kwa ngozi laini ya mwanambuzi iliyopunguzwa unene, na gundi ya ngozi iliyochemshwa. Tafadhali, si ile gundi kali ya kwenye kitubu kidogo ambayo kila nyumba inayo. Inakauka kama kioo, na mkunjo wa kwanza tu unapasukia pembeni yake.

Kama sauti imekatika ghafla kabisa, usifungue mivukuto kwanza. Chungulia puani. Nyigu wa matope anapenda tundu lolote lenye upana wa kalamu, na mtu asiyepumua wakati amelala ni ukuta mzuri wa kujengea. Nimetoa nyumba tatu za nyigu kwa bibi mmoja wa Mumias, mbili zikiwa na watoto ndani.

Anayumba, anakwama kwenye kokoto

Wengi hawatembei kwa miguu. Huko Washington, kwenye makumbusho ya Smithsonian, kuna mtawa mdogo wa mbao na chuma wa miaka ya 1560 hivi, kimo chake kama sentimita 40. Anajipiga kifua kwa mkono mmoja, anainua msalaba kwa mwingine, anageuza kichwa, na viatu vyake vinachungulia chini ya joho kimoja baada ya kingine. Vinachungulia tu. Anayemsogeza ni magurudumu yaliyofichwa chini ya joho.

Ndiyo maana utawaona wetu wanapenda kanzu, madira na joho za kwaya, na ndiyo maana barabara ya murram huwatesa. Kokoto moja kati ya gurudumu na bamba inatosha. Mgeuze, itoe kwa kibano. Wakati wa mvua, matope ya udongo mweusi wa Kano ni adui mkubwa zaidi, na sina dawa yake isipokuwa bodaboda. Lakini baada ya bodaboda, kaza skrubu zote. Mtikisiko hulegeza.

Hataki kuondoka mbele ya mgeni

Amebeba trei, amesimama mbele ya mgeni wenu, hatikisiki, anatabasamu. Si ufidhuli wala si kuvunjika. Wapo wa asili ya Japani ambao mpangilio wao umeelezwa kwa michoro katika kitabu cha Hosokawa cha mwaka 1796: ukiweka kikombe kwenye trei anatembea, kikombe kikiinuliwa anasimama, kikirudishwa anageuka na kwenda zake. Springi zao zilikuwa za vibamba vinavyopindika vya kinywani mwa nyangumi. Kwetu mgeni akipewa chai haachi kikombe mpaka amalize hadithi, na mtu wenu atangoja. Mwombeni mgeni arudishe kikombe. Mkiona anaondoka kabla kikombe hakijawekwa, springi ya trei imelegea. Ilipangwa kwa kikombe chepesi, nanyi mnatumia kikombe cha bati cha nusu lita.

Ananuka

Mnamlisha. Acheni. Bata wa Vaucanson wa mwaka 1739 alimeza nafaka mbele ya watu na baadaye akatoa kinyesi, na Ulaya nzima ikashangaa. Ikaja kujulikana kuwa nafaka ilibaki mahali pamoja, na kinyesi kilikuwa kimewekwa tayari mahali pengine. Mtu wako naye ana mfuko chini ya koo, kwa ajili ya heshima tu, kwa sababu hakuna anayekaa kwenye harusi ya Waluhya bila kula kuku. Mfuko huo unafunguliwa kwapani na kumwagwa usiku uleule. Omena ya siku nne kwenye mfuko wa ngozi sitaieleza.

Anashinda kila mtu kwenye drafti

Huyu ndiye pekee ninayemwendea na rungu. Mtu wa kamani hafikiri. Anafanya kilichochongwa. Akijibu hoja ambayo haikuchongwa, akikuzuia kete yako na kukuwekea mtego, fungua mlango wa chini haraka, utamkuta mtu.

Mwaka 1770 Wolfgang von Kempelen alimwonyesha malkia Maria Theresa huko Vienna mwanasesere mwenye kilemba aliyecheza sataranji nyuma ya kabati. Kabla ya mchezo alifungua milango ya kabati, watu wakaona magurudumu, wakaridhika. Mwanasesere huyo alizungushwa Ulaya na Marekani kwa miongo mingi, na Napoleon mwenyewe alicheza naye mwaka 1809, mpaka moto ulipomteketeza Philadelphia mwaka 1854. Kila alipoonyeshwa, ndani ya kabati alijikunja mchezaji hodari, akijisogeza huku na huku kila mlango ulipofunguliwa.

Mimi limenikuta mara moja, Kondele. Mpangaji aliyedaiwa kodi ya miezi mitano alikuwa amejiviringisha ndani ya mzee wa familia. Mzee mwenyewe hakuwa na kasoro.

Amezima kabisa, na hakuna anayemjua

Hawa huja kwenye magunia. Nyumba imeuzwa, mwenyeji wa mwisho amefariki, watoto wako Nairobi, na kwenye dari kumekutwa "mzee fulani." Usikimbilie kumtengeneza. Mjue kwanza, maana kila mtengenezaji alikuwa na vipimo vyake vya skrubu na ukikosea utaharibu kilichobaki.

Mwishoni mwa mwaka 1928 taasisi ya Franklin huko Philadelphia ililetewa rundo la shaba lililoungua moto. Familia iliyolitoa iliamini ni kazi ya mtu mwingine kabisa. Fundi akalisafisha, akaliunganisha, akalipa kalamu. Likachora picha nne na kuandika mashairi matatu, na kwenye pambizo ya mojawapo likaandika kwa Kifaransa kwamba limeandikwa na mashine ya Maillardet. Henri Maillardet alikuwa fundi wa Uswisi aliyefanya kazi London, na alilitengeneza mnamo 1800.

Kwa hiyo akiwa na mkono wenye kidole cha kubana, mpe kalamu.

Ninaye mmoja sasa, ameletwa kutoka Nakuru kwenye gunia la viazi. Kamani yake haikukatika. Nimemwosha, nimemtia bushi tisa. Wiki iliyopita nilimfungia kalamu ya Bic mkononi, nikaweka karatasi, nikajaza robo. Mkono ulikwenda kushoto, ukashuka, ukakung'uta mara mbili, ukarudi, ukaandika herufi tatu safi. Kisha ukaenda tena kushoto, ukachovya kwenye meza tupu, ukakung'uta. Nikamtafutia kifuniko cha chupa nikatia wino, nikakiweka pale anapochovya, nikaifungua Bic nikafunga kipande cha unyoya wa bata mzinga. Sasa anaandika mstari mmoja na robo, kwa hati ambayo bado siwezi kuisoma, na anaishia mahali palepale. Gurudumu la kamu limekatika meno sita upande huo. Nimeshayapima. Natafuta bamba la shaba la milimita mbili, na mwenye nalo Kisumu hii anipitie kibandani, aje kwa mlango wa nyuma.